Till, Patreon au uanachama wa YouTube: wapi utamwona mtu kabla hajaondoka?

Kila tarehe 28 ya mwezi, baada ya swala ya isha, mimi na dadangu huketi barazani kwetu Majengo, Mombasa, na daftari la mistari. Yeye ndiye mpishi: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mahamri, mkate wa sinia. Mimi ndiye mshika simu. Napiga picha, natuma, nahesabu. Wanaotufuata bure ni wengi. Wanaolipa kila mwezi ili wafundishwe ni wachache mno, na hao ndio wanaotununulia gesi na nazi. Daftari ni lao.

Katika miezi michache iliyopita wenzangu watatu wamenijia na swali moja. Mmoja ni mwalimu anayefundisha wageni Kiswahili, wa pili ni kijana wa Kisauni anayechambua soka, wa tatu ni bibi wa Mji wa Kale anayefundisha kupaka hina. Wote wana watu walio tayari kulipa kwa mwezi, na wote wanauliza: tukusanye wapi? Kundi la WhatsApp na malipo ya M-Pesa kwa Till au Paybill (namba za kupokelea malipo ya biashara), Patreon (tovuti ambapo watu hukulipa kila mwezi kwa kazi yako), au tungoje kufungua uanachama wa YouTube, ambapo watazamaji huilipa chaneli kila mwezi?

Kila mmoja alianza na ada: nani anakata ngapi. Ni haki yao, lakini mimi naliweka swali hilo la pili. La kwanza ni hili: ukiweka watu wako pale, utamwona aliyenyamaza kabla hajaacha kulipa? Maana hakuna anayeondoka ghafla. Kwanza huacha kujibu. Kisha husoma siku mbili baadaye. Kisha hasomi kabisa. Mwezi ukifika haulipiwi, na wewe unashtuka, kumbe safari ilianza wiki sita nyuma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika kazi hii mshindo wenyewe ni jina kukosekana kwenye orodha ya waliolipa.

Kwa hiyo nitazilinganisha njia hizi kwa kile zinachokuonyesha. Ada nitazitaja njiani.

Namba ya kutazama na namba ya kuachia wengine

Namba iliyo rahisi kuipata ndiyo isiyokusaidia. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu mtazamo wa Shorts, yaani video zake fupi, kila video inapoanza kucheza au kujirudia, hata mtu akipita bila kutulia. Kipimo cha zamani bado kimo ndani ya takwimu za mwenye chaneli, lakini namba kubwa inayoonekana na kila mtu ni hiyo mpya. Barua pepe nazo zina lao. Septemba 2021 Apple ilipotoa iOS 15, iliwapa watumiaji wa programu yake ya barua kinga inayopakua picha za ndani ya barua kabla mtu hajaifungua. Kufunguliwa kwa barua hupimwa kwa kapicha kadogo kasikoonekana, basi barua nyingi huhesabiwa zimefunguliwa na hakuna jicho lililozipitia.

Mimi naandika vitu vitatu tu. Nani amerudi wiki hii. Nani amefanya jambo, yaani amejibu, ameuliza au ametuma picha ya alichopika. Nani amelipa tena mwezi ulipoisha. Hicho cha tatu ndicho pesa yenyewe, lakini ni habari iliyochelewa. Viwili vya kwanza hukuambia mapema.

Tuseme watu 100 wameingia mwezi mmoja. Kila mwezi wakiondoka 5 katika kila 100 waliobaki, baada ya mwaka unao kama 54. Wakiondoka 10 katika 100, wanabaki 28. Wakiondoka 20 katika 100, mwaka unaisha na watu 7. Kwa shilingi 200 kwa mwezi, mtu wa kundi la mwisho hukaa kwa wastani miezi 5 na kukuachia shilingi 1,000. Yule wa kundi la kwanza hukaa miezi 20, akaleta shilingi 4,000 kwa mapishi yale yale. Dadangu nilipomwonyesha hesabu hii aliacha kuniuliza tumepata wafuasi wangapi wiki hii.

Ndiyo sababu ni lazima watu uwaandike kwa mwezi walioingia. Ukitazama jumla peke yake utafurahi ina 100 kila mwezi, na usione kwamba wageni 20 wanaingia kwa mlango wa mbele huku wenyeji 20 wakitoka uani. Ni kuteka maji kwa pakacha.

Na tenganisha wawili hawa: aliyechoka na aliyesahau. Aliyechoka amekuacha moyoni kwanza, malipo yakafuata. Aliyesahau bado anakupenda, ila siku ya kulipa ilipita, au kadi yake ilikataa, au simu ilikuwa haina salio. Orodha ya wasiolipa huwaweka pamoja. Dawa zao ni mbali kama Likoni na Mtwapa: wa kwanza anataka masomo yabadilike, wa pili anataka kukumbushwa tu.

WhatsApp na M-Pesa

Hapa ndipo tulipoanzia, na nitakaa hapa zaidi kwa sababu ndipo watu wengi wa Mombasa walipo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika kundi la WhatsApp, ukishikilia ujumbe wako mwenyewe na kufungua maelezo yake, utaona majina ya waliousoma na ya ambao umewafikia tu. Mtu anaweza kuzima tiki za buluu kwa mazungumzo ya faragha, lakini kwenye kundi hazizimiki. Ujumbe wa sauti nao huonyesha nani ameusikiliza. Hakuna dashibodi ya kulipia niliyoiona inayokupa jina la mtu kwa ukaribu huo.

Basi kila Alhamisi saa kumi jioni somo huenda, na Ijumaa jioni mimi hufungua maelezo na kuhamishia daftarini. Herufi s ni amesoma, j amejibu, p ametuma picha, na mstari mfupi ni kimya. Ukurasa wa mama mmoja wa Kisauni ulikuwa hivi: mwezi wa kwanza s, j, p, p. Wa pili p, j, s, s. Wa tatu s, mstari, mstari. Alikuwa amelipa miezi yote mitatu. Kwa hesabu ya pesa alikuwa mwanachama mzuri, kwa hesabu ya daftari alikuwa mlangoni.

Dadangu alimpigia. Hakumtaja malipo wala hakumwuliza mbona kimya. Alimsalimia, akamwuliza hali ya watoto, kisha akasema, "Mama, yale mahamri yako ya mwezi ule bado nayasifu. Vipi, masomo ya siku hizi yakufaa?"

"Mwanangu, yanifaa sana," akajibu. "Lakini video zenu zanimalizia bando. Na simu yangu imejaa, kila nikifungua yaniambia nifute picha. Nikafute picha za wajukuu?"

Tungekaa mwaka mzima tukibadilisha mapishi tukidhani yamewachosha watu, na kumbe tatizo lilikuwa uzito wa video. Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika nchi kavu hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini mama wa Kisauni bado ananunua bando la siku kwa siku. Tukaanza kutuma picha sita na maelezo ya sauti ya dakika tatu, na video kwa anayeitaka tu. Yeye alirudi wiki ile ile na picha ya sinia, na wengine wanne waliokuwa wamenyamaza wakarudi naye bila kupigiwa simu.

Sasa ubaya wa njia hii. Kundi huanika namba za watu. Kina mama wawili walituacha baada ya kuanza kutumiwa ujumbe na mtu wasiyemjua aliyekuwa kundini. Lile lilikuwa kosa letu, tulipaswa kulifikiria kabla. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata ukiwa na watu ishirini na kijidaftari: namba ya mtu si yako ya kugawa. Tulihamia orodha ya kutangazia, ambapo kila mmoja hupata ujumbe kama ametumiwa peke yake. Orodha moja hubeba watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Tulipata faragha, tukapoteza kitu: hapa aliyezima tiki za buluu hatumwoni tena kama amesoma. Tulikubali hasara hiyo. Kwa watu wa aina nyingine, tuseme vijana wa soka wanaotaka kubishana wao kwa wao, kundi la wazi linalobeba hadi watu 1,024 lingekuwa bora, mradi wajue tangu mwanzo kwamba namba zao zitaonekana.

Malipo yenyewe yana mtego wake. Ukitumia Till, pesa huingia na hakuna nafasi ya kuandika hii ni ya nani, na siku hizi namba ya mlipaji huja imefichwa sehemu. Majina yakifanana, unabaki kubahatisha. Paybill ina nafasi ya namba ya akaunti, kwa hiyo unaweza kumpa kila mwanachama namba yake, 001, 002, 003, na taarifa ya mwezi ikawa ndiyo rejista yako. Kwa anayetaka kupima, Paybill inashinda. Kwa anayeanza na watu kumi, Till inatosha.

Na kwa wale wanaosahau, tangu 2024 kuna M-Pesa Ratiba: mteja mwenyewe anaweka malipo yajirudie kila mwezi. Tuliwaomba watu wetu waiweke mara moja, tukawasaidia wasiojua. Faida yake kwa kipimo ni kwamba sasa anayekosa kulipa ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameamua, si amesahau. Orodha imekuwa safi, na simu za kukumbusha zimepungua hadi nikaanza kuwa na nafasi ya kuwapigia walionyamaza.

Patreon

Patreon ilianzishwa 2013 na mwanamuziki Jack Conte na mwenzake Sam Yam, na bado unaona ilitengenezwa na mtu aliyewahi kungoja malipo. Aliyefungua ukurasa baada ya tarehe 4 Agosti 2025 hukatwa asilimia 10, juu yake gharama za kupitisha malipo. Gharama hizo zina sehemu isiyobadilika kwa kila malipo, kwa hiyo bei ndogo sana huliwa. Usishuke chini ya dola 5 kama unaweza. Na waambie watu wajiunge kwa kivinjari, si ndani ya programu ya iPhone, kwa kuwa huko Apple ina fungu lake la hadi asilimia 30.

Kwa kipimo changu, Patreon ni nzuri sana mahali pale pale ambapo M-Pesa ni dhaifu: inatofautisha aliyesahau na aliyechoka bila wewe kuuliza. Orodha ya wanachama inakupa barua pepe ya kila mmoja, siku aliyoingia, jumla aliyolipa, na kama malipo yake yamepita, yamekataliwa au ameondoka mwenyewe. Aliyekataliwa kadi unamwandikia mistari miwili ya upole. Anayeondoka huulizwa sababu anapotoka, na majibu hayo unayasoma. Si wote wanaojibu, lakini hata jibu moja la kweli lina thamani.

Isichokuonyesha ni jicho. Posti inakupa jumla ya waliotazama, na majina ya waliopenda au kutoa maoni. Yule anayesoma kimya kila wiki na yule asiyefungua kabisa wanafanana. Kwa hiyo huko lazima uwape watu sababu ya kufanya jambo dogo lenye jina lao. Sisi huuliza swali moja mwisho wa kila somo, swali ambalo haliwezekani kujibiwa na asiyepika: "Unga wako uliumuka baada ya muda gani, na jikoni kwako kuna joto au baridi?" Mtu wa London hujibu saa nne, wa Muscat hujibu chini ya saa moja, na wakaanza kusemezana. Swali la namna hiyo ni kipimo na ni mazungumzo kwa wakati mmoja.

Pesa hutoka kwa PayPal au Payoneer, huduma za kupokea pesa mtandaoni, na PayPal imeunganishwa na M-Pesa tangu 2018, kwa hiyo inafika simuni. Ugumu uko upande wa anayelipa. Patreon haipokei M-Pesa. Mteja wa hapa anaweza kutumia kadi ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza 2022, lakini mama wa Likoni aliyezoea kulipa akiwa kwenye foleni ya feri hatapita hatua zote hizo kwa ajili ya somo la viazi karai, na simlaumu. Patreon ni ya watu wetu walio nje na wageni wenye kadi.

Uanachama wa YouTube

Mlango wake una masharti. Ngazi ya kwanza ya mpango wa washirika inataka wafuasi 500, video 3 za wazi katika siku 90, na ama saa 3,000 za kutazamwa katika siku 365 au mitazamo milioni 3 ya Shorts katika siku 90. Ukifungua uanachama, wewe hupata asilimia 70 na YouTube hubaki na 30. Malipo hayatoki mpaka salio lifike dola 100, jambo ambalo kwa mwenye wanachama thelathini lina maana ya kungoja.

Asilimia 30 ni kubwa ukiilinganisha na 10 ya Patreon. Lakini YouTube ina kitu kimoja ambacho siwezi kukipata kwingine: mstari wa kubaki. Ni mchoro unaoonyesha sekunde kwa sekunde ni sehemu gani ya watazamaji bado ipo. Katika video yetu ya samaki wa kupaka, dadangu alianza kwa salamu, akamshukuru kila mmoja, akaeleza tulikonunua samaki. Kama sekunde 50 hivi. Mstari uliteremka kama ngazi za Fort Jesus. Ulitulia mahali pale alipoanza kukamua tui zito kwa kifumbu, na ukapanda kidogo pale watu waliporudisha nyuma kutazama tena rangi ya tui lilipokaribia kukatika. Hakuna mwanachama aliyewahi kutuambia hilo kwa mdomo. Siku hizi somo huanza mkono ukiwa ndani ya chicha, na shukrani huja mwisho.

Mstari huo lakini hauna majina. Unajua wangapi wametoka sekunde ya 40, hujui kama mama wa Kisauni yumo. Orodha ya wanachama inakupa jina la chaneli ya mtu na muda aliokaa, basi. Hupati barua pepe wala namba ya simu. Akinyamaza huna mlango wa kumbishia hodi, na ukiamua kuhama huwezi kuhama na watu wako. Kwa hiyo nasema: YouTube inakufundisha kuboresha somo, WhatsApp inakufundisha kumjua mwanafunzi. Anayedhani moja litafanya kazi ya jingine atahangaika.

Jarida la barua pepe nalitaja kwa kupita. Substack hukata asilimia 10 na ni mahali pazuri kwa mwandishi, ila malipo yake hupitia Stripe, kampuni ya kupitisha malipo ya kadi, na Stripe haimfungulii akaunti aliye Kenya kwa njia ya kawaida. Kama wewe ni mwandishi, tumia barua pepe bure na ukusanye malipo kwa Paybill. Na usitegemee idadi ya waliofungua, kwa sababu niliyoitaja juu. Hesabu waliojibu na waliobofya. Chaneli za Telegram nazo hukuonyesha jumla ya waliotazama bila kukuambia ni nani.

Nilivyowajibu wale watatu

Bibi wa hina nilimwambia abaki WhatsApp, kwa orodha ya kutangazia na Paybill. Watu wake ni kina mama na mabinti wa hapa, faragha kwao ni sharti, na hina ni kazi ya kuonyeshwa picha ya mkono na kusahihishwa. Yeye ana watu chini ya hamsini, kila jina analijua.

Mwalimu wa Kiswahili nilimpeleka Patreon bila kusita. Wanafunzi wake wana kadi, wanalipa kwa dola, na wengi hukatika kwa sababu kadi imeisha muda, si kwa kuchoka ngeli. Hilo ataliona pale pale kwenye orodha.

Kijana wa soka ndiye aliyenipa taabu. Watazamaji wake ni wengi, wanapenda kumsikia baada ya mechi, na wachache wako tayari kulipa. Kwa idadi yake daftari halitamfaa, na mstari wa kubaki utamfundisha mengi kuhusu uchambuzi wake. Lakini vijana wengi wa hapa wanalipa kwa M-Pesa, na uanachama wa YouTube mara nyingi hutaka kadi. Nilimwambia aweke uanachama kwa wanaoweza, kisha afungue kundi dogo la kulipia kwa Paybill, la watu 100 tu, ambamo yeye mwenyewe hujibu maswali kila Jumapili usiku. Kundi hilo ndilo litakalomwambia mapema watu wanataka nini, na YouTube imwambie kama amewapa.

Sisi wenyewe tumegawanya: wa Kenya wako WhatsApp, wa nje wako Patreon. Somo ni lile lile, daftari ni moja, safu mbili. Usifungue sehemu mbili kama huna mtu wa pili wa kukusaidia, kwa sababu kazi ya kujibu huongezeka maradufu, na kujibu ndiko kunakowaweka watu.

Ukishaona kimya, ufanye nini

Wiki ya kwanza ina uzito kuliko zote. Katika daftari letu, aliyetuma picha ndani ya siku saba za kwanza huwa mgumu kuondoka. Kwa hiyo mgeni hapewi masomo yote ya nyuma siku ya kwanza, maana yanamlemea. Hupewa moja jepesi, kaimati, na ombi: nitumie picha, hata kama zimekuwa na mikia. Dadangu humjibu kwa sauti, akitaja jina lake.

Tuma wakati mtu anaweza kutenda. Sisi hutuma saa kumi jioni ya Alhamisi kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya kupika vizuri, na mtu bado ana nafasi ya kupita sokoni Marikiti au Kongowea. Muscat na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja, London iko nyuma kwa mbili au tatu kutegemea msimu. Hao tunawawekea asubuhi yao. Ramadhani hubadilisha kila kitu. Somo la futari likifika baada ya alasiri limechelewa, na watu wengi hushika simu baada ya tarawehe. Kwa hiyo usilinganishe Ramadhani na Shaaban, ilinganishe na Ramadhani ya mwaka jana, la sivyo utaona ushiriki umepanda na kudhani umegundua siri, kisha Shawwal ikuvunje moyo.

Badilisha jambo moja kwa mwezi. Ukipunguza video, ukahamisha saa na ukaongeza bei kwa pamoja, hutajua lililofanya kazi. Na kama una watu 40, wawili wakiondoka ni asilimia 5, nao huenda mmoja amesafiri na mwingine amejifungua. Tazama miezi mitatu kabla ya kuhukumu.

Anayekosa wiki mbili mfululizo, mpigie au mwandikie yeye peke yake. Usitume tangazo la "mbona mko kimya" kwa wote, linawaaibisha waliopo na haliwafikii wasiokuwepo. Taja kitu alichowahi kufanya yeye, kisha uliza swali moja. Akisema amechoka, mshukuru na mwache aende kwa heshima. Tuna watatu waliorudi baada ya kuachwa hivyo.

Kabla sijasahau, weka kando kodi: tangu Julai 2023 malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa mkazi wa Kenya yana kodi ya zuio ya asilimia 5. Iweke ndani ya bei tangu mwanzo.

Kama bado hujui uanzie wapi, chukua watu 20 wa kwanza WhatsApp kwa miezi mitatu na uwaandike mmoja mmoja. Miezi hiyo ikiisha, soma daftari. Ukiona karibu nusu ya namba zinaanza na +968, +971 au +44, yaani za Oman, Falme za Kiarabu au Uingereza, fungua Patreon. Ukiona wamezidi 150 na unashindwa kukumbuka nani alipika nini, na masharti ya YouTube umeyafikia, ongeza uanachama huko. Ukiona wote ni wa hapa na majina unayajua, kaa ulipo na uwapigie walionyamaza.